Friza Ndogo Nyumbani: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Wiki hii tunaongea kuhusu friza ndogo ya kufunguliwa juu, ile yenye umbo la sanduku, ya lita 100 hadi 150 hivi. Ni kitu ambacho watu wengi hununua wakiongozwa na ofa ya mwisho wa mwezi au friza ya jirani, halafu hesabu inakuja baadaye, stima ikianza kuisha kabla ya tarehe.

Tutatumia mfano wa familia inayoishi Kiamunyi, hapa Nakuru kwenye barabara ya kwenda Kabarak. Tumechagua Kiamunyi kwa sababu mtaa huu unaonyesha vizuri faida na hasara zote mbili. Soko kubwa liko mjini, kwa hivyo kununua vitu vingi kwa mpigo kunaokoa nauli. Upande mwingine, nyumba nyingi zinatumia mita ya tokeni, na friza haijui kwamba tokeni zimeisha. Inazima tu.

Ukimaliza somo hili utaweza kujibu maswali matatu: friza itanigharimu pesa ngapi kwa mwezi? Itanirudishia ngapi? Na nilipe vipi bila kutapeliwa au kubeba deni zito?

Kwanza, kwa nini ya kufunguliwa juu?

Hewa baridi ni nzito kuliko hewa ya joto. Ukifungua friji ya mlango wa mbele, baridi inamwagika chini mpaka miguuni. Ukifungua friza ya sanduku, baridi inabaki ndani kama maji kwenye beseni. Ndiyo maana aina hii huwa inavumilia kufunguliwa mara nyingi, na pia inakaa muda mrefu ikiwa baridi stima ikipotea. Ubaya wake ni kwamba kitu ulichoweka chini kabisa unaweza kukisahau hadi mwaka mwingine. Tutarudi hapo.

Nakuru iko juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na hali ya hewa ni ya baridi kuliko Kisumu au Mombasa. Hiyo inasaidia: friza iliyo kwenye chumba chenye ubaridi haifanyi kazi ngumu kama iliyo Mombasa. Lakini ukiiweka kando ya jiko, au mahali jua la mchana linapiga, umeitupa hiyo nafasi.

Gharama ya kila mwezi: jifunze kusoma tokeni yako

Bei ya dukani unailipa mara moja. Stima utailipa kila mwezi, kwa hivyo tuanze nayo.

Kanuni za mwaka 2016 zinataka friji na friza za nyumbani ziuzwe zikiwa na lebo ya EPRA, ile yenye nyota. Nyota nyingi maana yake kifaa kinakula stima kidogo kwa kazi ileile. Lebo pia inaonyesha matumizi ya mwaka kwa yuniti. Chukua namba hiyo, igawe kwa 12, na umepata yuniti za mwezi. Tuseme lebo inasema yuniti 255 kwa mwaka. Hiyo ni kama yuniti 21 kwa mwezi, au 0.7 kwa siku. Friza ndogo nyingi nzuri ziko karibu na hapo. Friza kuukuu, au yenye raba iliyolegea, inaweza kula mara mbili.

Sasa tafuta ujumbe wa tokeni yako ya mwisho. Utaona yuniti ulizopata, jumla ya pesa ulizolipa, na tozo zilizokatwa. Gawa jumla ya pesa kwa yuniti. Jibu ndilo bei yako halisi ya yuniti moja, kodi na tozo zikiwa ndani. Usitumie bei uliyoisikia kwa jirani, kwa sababu yenu inaweza kuwa tofauti hata kama mko ploti moja.

Kwa nini tofauti? Tangu Aprili 2023, kundi la bei nafuu kabisa kwa stima ya nyumbani ni la mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi. Juu ya hapo kuna kundi la hadi yuniti 100, na juu yake lingine la bei ya juu zaidi. Hapa ndipo friza inapowashika watu. Haiongezi yuniti zake peke yake. Inaweza kuhamisha nyumba nzima kutoka kundi moja hadi lingine, na sasa hata taa na redio zinalipiwa kwa bei mpya.

Tupige hesabu ya mfano. Familia ilikuwa inatumia yuniti 22 kwa mwezi, na tuseme kila yuniti ilikuwa inawatoka shilingi 23.

22 × 23 = shilingi 506.

Wakinunua friza ya yuniti 21, sasa wanatumia 43. Wamevuka 30. Tuseme bei yao mpya ni shilingi 28.

43 × 28 = shilingi 1,204.

Nyongeza ni shilingi 698 kwa mwezi. Kama wangehesabu friza peke yake, 21 × 28, wangepata 588 na kushangaa ile 110 nyingine imetoka wapi. Imetoka kwa taa, televisheni na pasi zilizopanda bei pamoja na friza. Kama nyumba yako tayari inatumia yuniti 50 au 60, huwezi kuona mruko huu, lakini angalia usije ukavuka 100.

Je, friza inarudisha pesa?

Friza haipikii mtu pesa. Inaokoa tu pale ulipokuwa unapoteza. Kwa hivyo orodhesha unachopoteza sasa.

Nauli. Tuseme mtu anaenda mjini mara tatu kwa wiki kununua nyama na mboga, na kwenda na kurudi ni shilingi 100. Akienda mara moja tu, ameokoa safari mbili, yaani 200 kwa wiki, 800 kwa mwezi.

Gesi. Maharagwe, ndengu na mahindi ya githeri huchukua muda mrefu jikoni. Ukichemsha sufuria moja kubwa Jumamosi, ukagawa kwa vifurushi vya mlo mmoja mmoja na kugandisha, kila jioni unakaanga tu. Tuseme gesi inayookolewa ni ya shilingi 250 kwa mwezi.

Chakula kinachoharibika. Maziwa yaliyoganda, sukuma iliyonyauka, nyama iliyotupwa Jumatatu. Tuseme 300.

Jumla ni 1,350. Toa stima ya nyongeza, 698. Kinachobaki mfukoni ni shilingi 652 kwa mwezi.

Kama friza ilinunuliwa kwa shilingi 24,000 taslimu, 24,000 ÷ 652 ni karibu miezi 37. Miaka mitatu na kidogo ndipo imejilipa. Si mbaya kwa kifaa kinachoweza kudumu miaka kumi kikitunzwa. Lakini pia si ule uokoaji wa haraka ambao matangazo yanakuonyesha.

Na kama hununui kwa wingi? Kama nyama yako ni ya nusu kilo kwa buchari ya hapo karibu, na mboga unachuma shambani nyuma ya nyumba, basi safu ya nauli na safu ya chakula kilichoharibika zote ni sifuri. Friza itakuwa inagandisha hewa, na wewe unailipia. Kwa nyumba kama hiyo ushauri wetu ni mmoja: usinunue bado.

Njia tatu za kulipa

Sasa tuseme umepiga hesabu na umeona friza inakufaa. Pesa zitoke wapi?

Njia ya kwanza ni kuweka akiba. Shilingi 100 kila siku zinafika 24,000 baada ya siku 240, yaani miezi minane. Ziweke mahali tofauti na pesa za matumizi, kwenye akiba iliyofungwa au kwenye chama. Zikikaa pamoja na pesa za mboga, zitaliwa na mboga. Faida nyingine ya miezi minane ni kwamba utajua kama kweli unaitaka. Tena, mtu mwenye pesa taslimu mkononi anaweza kuomba bei ipunguzwe.

Njia ya pili ni lipa polepole: unatoa amana, unabeba friza, halafu unalipa kila siku kwa simu. Tuseme amana ni 6,000 na kila siku ni shilingi 80 kwa mwaka mzima. Shilingi 80 zinaonekana ndogo, lakini zidisha.

80 × 365 = 29,200. Ongeza amana 6,000. Jumla ni 35,200.

Friza ya 24,000 imekuwa ya 35,200. Tofauti ni 11,200. Ukirudi kwa ile hesabu yetu ya 652 kwa mwezi, sasa inajilipa baada ya miezi 54, miaka minne na nusu. Hatusemi usitumie njia hii. Mtu anayeuza vitu vya baridi anaweza kuihitaji friza leo, si baada ya miezi minane. Tunasema uliza swali moja kabla ya kusaini: nikimaliza yote, nitakuwa nimelipa shilingi ngapi? Muuzaji akikwepa kutaja jumla na kurudi kwa "80 tu kwa siku", zidisha mwenyewe mbele yake. Uliza pia nini kinatokea ukikosa siku tano, na kama friza inaweza kuchukuliwa na ulichokwisha lipa kikapotea.

Njia ya tatu ni mkopo wa simu. Hapa tuwe wazi, hata kama sisi wenyewe ni kampuni ya malipo. Mikopo mingi ya simu imetengenezwa kwa shida ya siku chache, si kwa kifaa cha miaka kumi. Mkopo wa kibinafsi wa Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 2022, ulianza kwa muda wa siku 14. Fuliza, iliyoanza Januari 2019, ni ya kumalizia malipo ukipungukiwa, na deni la maelfu likikaa linaendelea kuhesabiwa ada kwa siku. Friza inayookoa 652 kwa mwezi haiwezi kulipa deni la 24,000 ndani ya wiki mbili. Utalipa kwa karo au kwa kodi ya nyumba. Na ukikopa kwa programu ya simu, hakikisha kwanza kampuni imepewa leseni na Benki Kuu ya Kenya, kwa kanuni zilizoanza mwaka 2022.

Kabla ya kutuma amana

Friza ni mojawapo ya vitu vinavyofaa sana wakora wa mtandaoni. Picha ni rahisi kupata, bei inapunguzwa kidogo tu ili isishangaze, na sababu ipo tayari: "nahamia nje ya nchi", "nafunga hoteli". Halafu unaambiwa kuna mtu mwingine anakuja saa kumi, tuma hata 3,000 nikushikie.

Sheria yetu ni fupi: friza kwanza, pesa baadaye. Nenda na fundi au mtu unayemwamini, ione ikifanya kazi, kisha ulipe ukiwa hapo hapo.

Ukilipa duka, tumia nambari ya Till au Paybill iliyobandikwa dukani, si nambari ya kibinafsi ya mhudumu. Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama duka lina jina moja na simu inaonyesha jina la mtu usiyemjua, simama na uulize. Ujumbe wa malipo usiufute. Uambatanishe na risiti ya ETR na kadi ya waranti, upige picha zote tatu na uzihifadhi. Kompresa ikikataa kufanya kazi mwezi wa sita, karatasi hizo ndizo zitakuongelea.

Na tuelewane kuhusu kurudishiwa pesa. Ukituma kwa nambari isiyo sahihi kupitia M-Pesa, unatuma ule ujumbe wa malipo kwa 456 mara moja. Lakini huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma, na pesa zikishatolewa na aliyepokea, kuzirudisha ni kazi ngumu. Mkora anazitoa dakika zilezile. Akikuibia, peleka taarifa polisi pamoja na ujumbe wa malipo, lakini usiweke matumaini yako yote hapo. Ulinzi wa kweli ni kabla ya PIN.

Ukiwa dukani au kwa muuzaji wa mitumba

Weka noti ya shilingi 50 kwenye ukingo, funga mfuniko, halafu ivute. Ikishikwa kidogo, raba ni nzima. Ikitoka bila kusumbua, baridi nayo itatoka hivyo hivyo. Jaribu pande zote nne.

Iwashwe na muongee mambo mengine kwa nusu saa. Kuta za ndani zianze kuwa baridi. Kuta za nje za friza nyingi hupata joto, na hilo si tatizo: joto lililotolewa kwa nyama lazima litokee mahali.

Angalia kutu chini kabisa na kwenye pembe. Angalia alama za kisu ndani. Mtu aliyekuwa anatoa barafu kwa kisu anaweza kuwa ametoboa bomba la gesi. Friza nyingi za siku hizi hutumia gesi ya R600a ambayo inaweza kushika moto, kwa hivyo bomba likishatobolewa si la kuzibwa na mtu yeyote tu.

Kwa friza ya mitumba, omba risiti ya kwanza au angalau makubaliano ya maandishi yenye nambari ya kifaa, jina na nambari ya simu ya muuzaji. Hutaki kubeba mali ya wizi.

Siku ya kwanza nyumbani

Isafirishwe ikiwa imesimama. Kama ililazwa kwenye pikapu, iache imesimama siku nzima kabla ya kuiwasha, ili oili ya kompresa irudi mahali pake. Hata iliyosafirishwa vizuri ipe saa chache.

Iweke mahali palipo sawa, mbali na jiko na jua, ikiwa na nafasi ya kama sentimita 10 kila upande. Na vile vitambaa vizuri vya kufuma tunavyopenda kuwekea vyombo? Juu ya mfuniko ni sawa, lakini visiteremke ubavuni. Kuta zinahitaji kupumua. Msimu wa kiangazi vumbi likiwa jingi, panguza nyuma na kwenye matundu ya kompresa.

Chomeka moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni yenye televisheni na chaja tatu. Katikati weka friji-gadi, kile kifaa kinachokata stima ikipanda au kushuka sana na kungoja dakika chache kabla ya kurudisha. Stima ikipotea na kurudi ghafla, ndipo kompresa nyingi hufa. Bei ya kifaa hiki ni ndogo sana ukilinganisha na kompresa mpya.

Iache tupu ikiwa inawaka hadi ishike baridi vizuri, halafu ndipo uweke chakula.

Kuweka chakula ili kisigeuke hasara

Baridi inayotakiwa ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Kumbuka jambo hili: kugandisha hakuui vijidudu, kunavilaza tu. Chakula kilichoanza kuharibika kikiingia, kitatoka kikiwa vilevile.

Gawa kwa mlo mmoja. Kilo tatu za nyama zikigandishwa kama jiwe moja, utalazimika kuyeyusha zote ili upike nusu. Tumia mifuko au mikebe, toa hewa, na uandike jina na tarehe. Hiyo ndiyo dawa ya vitu kusahaulika chini. Vipya viende chini, vya zamani vije juu.

Minji, karoti, maharagwe mabichi na sukuma zichovye kwanza kwenye maji yanayochemka. Minji dakika mbili, sukuma tatu hivi, kisha moja kwa moja kwenye maji baridi, chuja na ugandishe. Bila hivyo rangi na ladha hupotea. Kwa kimo cha Nakuru maji huchemka karibu na nyuzi 94, si 100, kwa hivyo ukiongeza nusu dakika hukosei. Msimu wa minji za Molo na Njoro ukifika na bei ikashuka, hapa ndipo friza inaonyesha kazi yake.

Muda wa kukaa ukibaki na ladha nzuri: nyama ya kusaga miezi mitatu hadi minne, vipande vya kuku hadi miezi tisa, samaki wa mafuta miezi miwili au mitatu, mchuzi na maharagwe yaliyopikwa miezi miwili au mitatu. Maziwa yanagandishika, lakini acha nafasi kwenye chupa kwa sababu yanapanuka. Viazi vibichi vinageuka rangi, nyanya za kachumbari zinalegea, na mayai yakiwa na ganda yanapasuka; hivyo viache nje.

Kuyeyusha nyama fanya kwenye friji ya kawaida usiku kucha, au ndani ya mfuko uliofungwa kwenye maji baridi unayobadilisha kila nusu saa. Usiiache mezani tangu asubuhi hadi urudi kazini. Chakula kibichi kikikaa nje zaidi ya saa mbili, unaanza kucheza na tumbo la watoto.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita hadi moja, zima, hamisha chakula, na uiache iyeyuke yenyewe. Beseni la maji moto ndani linaharakisha. Kisu kibaki jikoni.

Stima ikipotea, au tokeni zikiisha

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu nchi nzima ilikaa gizani, na sehemu nyingine zilingoja hadi siku iliyofuata. Siku kama hiyo, kitu kigumu kufanya ndicho kinachofaa: usifungue. Friza iliyojaa inaweza kushika baridi kama saa 48 ikifungwa. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Kwa hivyo kama chakula ni kidogo, jaza nafasi kwa chupa za maji. Zikiganda ndizo akiba yako ya baridi.

Kuna kipimo cha bure kabisa. Gandisha kikombe cha maji, weka shilingi moja juu ya barafu, urudishe kikombe ndani. Ukitoka safari ukakuta shilingi bado iko juu, friza haikuyeyuka. Ukiikuta chini ya kikombe, kila kitu kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa mbali. Nyama hiyo usiipike. Baada ya stima kurudi, chakula ambacho bado kina barafu kinaweza kugandishwa tena. Kilichopata joto kwa zaidi ya saa mbili kitupwe, hata kama kinauma.

Kwa mteja wa tokeni, hatari kubwa zaidi si Kenya Power kukatika. Ni safari ya Desemba. Unaweza kununua tokeni ukiwa popote kwa Paybill 888880, lakini zile tarakimu 20 lazima mtu aziingize kwenye mita ya nyumbani. Ukiwa ushago na nyumba imefungwa, tokeni kwenye simu haigandishi nyama. Kwa hivyo kabla ya kusafiri wiki mbili, hesabu: 0.7 × 14 ni karibu yuniti 10 za friza. Ongeza za taa ya nje na akiba kidogo, ingiza kabisa, halafu ndipo ufunge mlango. Ama kula kilichomo, izime, na uache mfuniko wazi kidogo ili isinuke.

Ukitaka friza ikuingizie pesa

Vipande vya barafu, aiskrimu za vijiti za watoto, sambusa mbichi, kuku wa vipande: vyote huuzika mtaani. Rudi kwa hesabu yetu. Ukipata faida safi ya shilingi 1,500 kwa mwezi, juu ya zile 652, ni 2,152. Friza ya 24,000 inajilipa kwa miezi 11 na kitu. "Faida safi" maana yake umetoa mifuko, sukari, na stima ya ziada, kwa sababu friza inayofunguliwa mara thelathini kwa siku inakula zaidi ya 0.7.

Mambo mawili ya malipo. Tenga nambari ya biashara na nambari yako ya kibinafsi, la sivyo hutajua kama friza inakulipa au wewe unailipa. Pili, usitoe kuku kwa sababu mteja amekuonyesha ujumbe kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akipiga simu akidai amekutumia pesa kwa makosa, usimrudishie kwa kumtumia. Mwambie apitie kwa mtandao wake wa simu.

Zoezi la wiki

Chukua karatasi na ujaze mistari mitano:

1. Bei yangu halisi ya yuniti (pesa za tokeni ÷ yuniti).
2. Yuniti zangu za mwezi sasa, na zitakavyokuwa na friza. Je, navuka 30 au 100?
3. Nauli, gesi na chakula ambacho kweli nitaokoa. Andika ulichopoteza mwezi uliopita, si unachotarajia.
4. Mstari wa 3, toa stima ya nyongeza.
5. Bei yote ya friza, pamoja na riba kama ipo, gawa kwa mstari wa 4.

Jibu ni idadi ya miezi. Likiwa chini ya 40, unaweza kuanza kuweka akiba na kutafuta friza yenye nyota nyingi. Likiwa juu ya 60, au mstari wa 4 ukiwa sifuri, pesa hiyo ina kazi nyingine nyumbani kwako kwa sasa, na hakuna aibu yoyote kusema hivyo.

Soma na mwenzako wa nyumbani, kwa sababu tokeni mnazilipa pamoja. Tukutane somo lijalo.